Wiki Moja ya Orlando, Njia Nne za Kuilipia

Chukua familia tatu zinazoogelea katika bwawa moja la rizoti moja mjini Orlando, Florida. Ya kwanza ilinunua wiki yake kwa kampuni yenye mradi, kwa dola 24,000. Ya pili ilinunua wiki ya mtumba, nyumba ya ukubwa uleule, kwa dola 1,000. Ya tatu haina hati yoyote: imepanga kutoka kwa mmiliki aliyekosa likizo mwaka huu, na Jumamosi itaondoka bila kudaiwa na mtu. Familia ni za mfano, lakini bei zake zipo sokoni. Hiyo dola 24,000 ndiyo bei ya wastani, kwa kukadiria, ambayo ARDA, chama cha kampuni za biashara hii nchini Marekani, imekuwa ikiitaja katika miaka ya karibuni.

Vyumba vyao havina tofauti. Kinachowatenganisha ni wajibu walioubeba. Anayenunua taimushea, yaani umiliki wa zamu wa nyumba ya likizo, anapata mambo mawili kwa pamoja: haki ya kulala pale wiki moja kwa mwaka, na deni la ada ya matunzo ya kila mwaka, alale asilale. Muuzaji atakuonyesha haki hiyo kwa picha za bwawa na machweo. Wewe anza na ada. Ukishaijua, utaweza kuipima kila ofa utakayowekewa mezani, kwa sababu wamiliki wengi huipangisha wiki yao kwa bei inayokaribia ada hiyohiyo, na wengine chini yake. Hapo soko lenyewe limeshakuambia thamani ya wiki ile.

Kinachouzwa hasa

Biashara hii ilizaliwa Ulaya miaka ya 1960. Kampuni ya Hapimag ya Uswisi iliundwa mwaka 1963. Biashara hii ilipovuka bahari ilipata ardhi nzuri Orlando, mji uliojaa rizoti baada ya Disney World kufunguliwa mwaka 1971. Majina makubwa ya hoteli yakaingia: Marriott mwaka 1984, Disney mwaka 1991, Hilton mwaka 1992.

Bidhaa zenyewe ni za aina tatu. Kuna wiki maalumu: nyumba fulani, wiki ile ile kila mwaka, kwa mfano wiki ya 52. Kuna wiki inayoelea: una haki ya wiki moja ndani ya msimu fulani, lakini lazima uwahi kuiomba kabla wenzako hawajazimaliza zilizo nzuri. Na kuna pointi, ambazo ndizo zinazouzwa zaidi siku hizi: unapewa pointi kadhaa kwa mwaka, kisha unazitumia kwa siku unazotaka na mahali unapotaka ndani ya mtandao wa kampuni, mradi nafasi ipo.

Pointi zina unyumbufu, na unyumbufu huo una bei yake. Mwenye wiki maalumu anajua atalala wapi mwaka 2040. Mwenye pointi anategemea jedwali linalosema usiku mmoja ni pointi ngapi, na anayelishika jedwali hilo ni kampuni. Kabla ya kununua pointi, omba jedwali la sasa, tafuta wiki ambayo watoto wako wanafunga shule, kisha hesabu kama pointi unazouziwa zinaitosha. Mara nyingi utakuta zinatosha Septemba na hazitoshi Julai.

Uliza pia muda wa umiliki. Hati nyingi za Florida hazina mwisho: zinarithiwa pamoja na ada yake. Nyingine ni haki ya kutumia kwa miaka maalumu. Disney Vacation Club, kwa mfano, huuza mikataba yenye tarehe ya kuisha. Mingi ya rizoti zake za mwanzo inaisha mwaka 2042. Watu huona tarehe ya kuisha kama kasoro. Kwa mnunuzi wa kawaida ni nafuu, maana mlango wa kutokea umeshajengwa.

Hesabu ya miaka kumi

Tuweke njia nne upande kwa upande, na hoteli ya kawaida kama kipimo. Ni nyumba ya vyumba viwili vya kulala, usiku saba kila mwaka kwa miaka kumi. Ada ya mwaka wa kwanza ni dola 1,200, na inapanda asilimia 5 kila mwaka. Kodi ya kupanga na bei ya hoteli nazo tuzipandishe hivyohivyo ili mizani isiegemee upande. Kwa mwendo huo, ada ya miaka kumi peke yake inafika dola 15,100.

- Kununua kwa kampuni, taslimu: bei dola 24,000, pamoja na ada, jumla dola 39,100. Kila usiku unagharimu takribani dola 560.
- Kununua kwa kampuni, kwa mkopo wake: unatanguliza asilimia 10, na zinazobaki, dola 21,600, unazikopa kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka kumi. Unalipa dola 348 kwa mwezi. Jumla, pamoja na ada, ni dola 59,300. Kila usiku takribani dola 850.
- Kununua mtumba: dola 1,000 za bei na dola 700 za kuhamisha umiliki, pamoja na ada, jumla dola 16,800. Kila usiku dola 240.
- Kupanga kwa mmiliki: dola 1,400 mwaka wa kwanza, jumla ya miaka kumi dola 17,600. Kila usiku dola 250.
- Hoteli ya kawaida, vyumba viwili vya dola 150 kila kimoja kodi ikiwamo: jumla dola 26,400. Kila usiku takribani dola 380, na hakuna jiko.

Badilisha tarakimu kulingana na ofa uliyonayo, lakini mpangilio huu haubadiliki kirahisi. Utaona kwamba muuzaji hadanganyi anaposema taimushea ni nafuu kuliko hoteli. Ni kweli kwa mtumba. Kwa bidhaa anayoiuza yeye, si kweli, na ukichukua mkopo wake ndiyo inakuwa ghali kupita zote.

Sasa tazama mtumba na kupanga. Tofauti yake kwa miaka kumi nzima ni kama dola 800. Kwa fedha hizo mpangaji ananunua uhuru: mwaka ambao mtoto anaumwa, kazi imekwisha, au kuna msiba nyumbani na nauli yote imeelekea Kilimanjaro au Kisumu, hadaiwi chochote. Chukulia familia inayokwenda Orlando mara sita tu katika miaka kumi. Mwenye mtumba amelipa dola 16,800 zilezile, kwa hiyo kila wiki aliyoitumia imemgharimu dola 2,800. Mpangaji amelipa takribani dola 1,760 kwa wiki, na hata aliyelala hoteli, kwa wastani wa dola 2,640, amemshinda mwenye hati. Kwa hiyo kabla ya swali la bei liko swali jingine: je, familia yako huenda likizo kila mwaka, bila kukosa, mahali palepale?

Njia ya kwanza na ya pili: kampuni, kwa taslimu au kwa mkopo

Ofa huanza na zawadi: tiketi za Disney au Universal kwa nusu bei, kadi ya dola 100, au malazi ya siku tatu kwa bei ya kutupa. Sharti ni kuhudhuria semina ya dakika 90, mume na mke pamoja. Dakika hizo hurefuka. Ukisema hapana, anaitwa meneja na bei inashuka. Ukisema hapana tena, inaletwa ofa ya mwisho ya kifurushi kidogo. Ofa zote zina sharti moja, kwamba ni za leo tu. Sehemu kubwa ya bei unayoambiwa inalipia shughuli hiyo nzima: tiketi za wageni waliokataa kununua, kamisheni za wauzaji, meza zilizopangwa kwenye kumbi za hoteli. Ndiyo sababu bei huporomoka mara tu unaposaini. Atakayenunua kwako hatalipia gharama za semina.

Kama umeshasaini, sheria ya Florida inakupa siku 10 za kughairi bila kutoa sababu. Zinahesabiwa tangu siku uliyosaini au siku uliyopokea hati za mwisho zinazotakiwa, ile iliyo ya baadaye, na haki hiyo huwezi kuambiwa uiachilie. Nevada, jimbo la Las Vegas, ni siku 5. California na Hawaii ni siku 7. Mexico ni siku 5 za kazi. Simu haitoshi. Andika barua fupi yenye majina ya wote waliosaini, namba ya mkataba na sentensi moja isemayo unaghairi. Itume kwa barua ya rejista kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya mkataba, na utunze stakabadhi. Usimpigie muuzaji kumuaga. Atakuomba usubiri azungumze na bosi, na siku zitakwisha.

Kwa waliopo Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, wanaokutana na wauzaji hawa Tenerife au Malaga, ulinzi ni mzito zaidi: siku 14 za kughairi, na muuzaji amekatazwa kupokea malipo yoyote ndani ya siku hizo. Anayedai hata amana ndogo papo hapo ameshavunja sheria kabla hujalala usiku mmoja.

Je, kuna sababu yoyote ya kununua kwa kampuni? Zipo chache. Baadhi ya kampuni huwapa wanunuzi wa moja kwa moja daraja la juu la uanachama, punguzo la pointi au nafasi ya kuwahi kuchagua, na faida hizo hazihamii kwa mnunuzi wa mtumba. Ziandike kwenye karatasi, kila moja na thamani yake kwa dola kwa mwaka. Zikifikia dola 2,000 kwa mwaka, mfululizo, nunua. Mara nyingi hazifikii hata 300.

Njia ya tatu: mtumba

Wamiliki wengi wanataka kutoka, na wanunuzi ni wachache; ndiyo maana kuna wiki zinazotangazwa kwa dola moja kwenye eBay, na nyingine mwenyewe yuko tayari kukulipia gharama za kuhamisha. Usishangilie haraka. Ni kama kupewa ng'ombe bure kwa sharti la kumnunulia majani maisha yake yote bila ruhusa ya kumuuza. Ikiwa wiki inatolewa kwa dola moja, mwenyewe ameshapiga hesabu akaona ada inazidi faida. Wewe unahitaji sababu yako mahsusi ya kuwaza tofauti naye: labda unaishi Atlanta, unafika Orlando kwa gari, na unapenda wiki hiyohiyo kila mwaka.

Kabla ya kulipa, pata majibu haya kwa maandishi kutoka rizoti yenyewe, si kwa muuzaji:

- Ada ya mwaka huu ni kiasi gani, na ilikuwa kiasi gani katika kila mmoja wa miaka mitano iliyopita?
- Muuzaji anadaiwa ada au mkopo wowote? Madeni ya wiki humfuata mmiliki mpya.
- Wiki ya mwaka huu bado ipo, au ameshaitumia au kuiweka kwa kampuni ya kubadilishana wiki?
- Je, kuna mchango wa dharura uliopitishwa au unaojadiliwa? Florida ina vimbunga; paa likiruka na bima isipotosha, wamiliki wote huchangishwa juu ya ada.
- Mnunuzi wa mtumba ananyimwa nini?

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Disney ni mfano mzuri. Mikataba yake hushika bei kuliko ya karibu kampuni nyingine zote, na Disney ina haki ya kwanza ya kununua: ukikubaliana bei na muuzaji, kampuni inaweza kuichukua biashara hiyo kwa bei ileile. Hilo husaidia bei zisianguke ovyo. Lakini aliyenunua mtumba wa rizoti 14 za awali baada ya tarehe 19 Januari 2019 hawezi kutumia pointi zake katika Riviera wala rizoti mpya zilizofuata, na mtumba wa Riviera hutumika Riviera tu. Anayenunua mtumba wa Disney anunue rizoti anayotaka kulala. Asinunue pointi za bei chee akitumaini kuhamahama.

Malipo yapitie kampuni ya kuhamisha hati inayoshika fedha mpaka umiliki uandikishwe kwenye kaunti na rizoti ikutambue. Ukiambiwa utume fedha moja kwa moja kwa dalali, simama hapo.

Njia ya nne: kupanga kwa mwenyewe

Kwa wasomaji wengi, hii ndiyo njia ya kuanza nayo, na wengi hawatahitaji kuivuka. Mmiliki ambaye hasafiri mwaka huu anataka angalau kurudisha ada yake. Mtandao kama RedWeek huwaunganisha wamiliki na wapangaji. Unapata nyumba yenye jiko, ambayo kwa familia inayotaka kupika wali na maharage badala ya kula mgahawani mara tatu kwa siku ni akiba kubwa kando ya kodi.

Tahadhari ni tatu. Rizoti ithibitishe kwa simu kwamba nafasi imeandikwa kwa jina lako. Lipa kwa kadi ya mkopo au kupitia mtandao unaoshika fedha. Na uliza kama wiki hiyo ni ya mmiliki mwenyewe au ameipata kwa kubadilishana, kwa sababu kampuni za kubadilishana zinakataza kuikodisha wiki iliyopatikana kwao. Wakigundua, huifuta, na wewe utajikuta mapokezi na masanduku yako.

Kubadilishana: soko ndani ya soko

Katika semina utasikia kwamba wiki ya Orlando ni ufunguo wa dunia: Hawaii mwaka huu, Uhispania mwaka ujao. Kubadilishana kupo kweli. Kampuni kubwa ni mbili, RCI iliyoanzishwa mwaka 1974 na Interval International iliyoanzishwa mwaka 1976, na rizoti nyingi zimejiunga na mojawapo. Zipo pia ndogo zaidi, kama 7Across, ambayo zamani iliitwa Dial An Exchange.

Unaiweka wiki yako kwenye benki ya kampuni, kisha unachukua ya mwingine. Gharama yake ni uanachama wa takribani dola 100 kwa mwaka, na ada ya kila badilishano ya dola 200 hadi 300. Ijumlishe na ada ya matunzo: badilishano moja katika mfano wetu linakaribia dola 1,600 mwaka wa kwanza. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na kupanga moja kwa moja huko unakotaka kwenda.

Wiki hazilingani nguvu. RCI huipa kila wiki alama za uwezo wa kubadilishana, kulingana na mahitaji ya watu kwa mahali hapo na msimu huo, ukubwa wa nyumba, ubora wa rizoti, na umewahi kiasi gani kuiweka. Na hapa ndipo Orlando inapowaangusha wanaoinunua kwa ajili ya kubadilishana. Mji una rizoti nyingi mno. Ni rahisi sana kuingia Orlando kwa kubadilishana, na kwa sababu hiyohiyo wiki ya Orlando haina nguvu ya kukutoa kwenda kwingine. Muuzaji atakuambia kalenda ya Orlando ni msimu wa juu karibu mwaka mzima. Muulize kwa nini basi baadhi ya wiki hubaki bila wateja. Anayetaka kubadilishana asinunue Orlando. Anunue mahali penye uhaba, au apange.

Kwa aliye na wiki tayari, haya ndiyo yanayosaidia:

- Iweke benki mapema, miezi tisa au zaidi kabla ya tarehe yake. Ukichelewa nguvu inapungua.
- Kama nyumba yako inagawanyika sehemu mbili zenye milango yake, ziweke kila moja peke yake. Katika baadhi ya rizoti ada moja hukupa wiki mbili.
- Weka ombi la kudumu kwa miji na tarehe nyingi. Wiki nzuri hunyakuliwa na mashine kabla hazijaonekana kwenye orodha.
- Katika Interval, wenye wiki za chapa moja kama Marriott hutangulizwa kwenye rizoti za chapa hiyo. Omba ndani ya chapa yako kwanza.
- Kabla ya kubadilishana, angalia bei ya fedha taslimu. RCI na Interval huwauzia wanachama wiki za ziada, na katika misimu mitulivu bei yake huwa chini ya ada yako ya matunzo. Siku hiyo ni afadhali uipangishe wiki yako kwa mtu, uchukue fedha, na ununue wiki ya ziada.

Ukiwa Nairobi au Dar

Kuna wanaohudhuria semina hizi wakiwa wametembelea ndugu Marekani, na wapo wanaorudi na mkataba. Mambo mawili yanawahusu zaidi. La kwanza ni kwamba ada inalipwa kwa dola. Mkenya mwenye ada ya dola 1,200 alihitaji takribani shilingi 192,000 mwezi Januari 2024, dola ilipofika kama shilingi 160, na takribani 155,000 miezi michache baadaye iliposhuka hadi kama 129. Rizoti haikubadilisha chochote. Mkoba wake ndio uliotikisika. La pili ni kwamba hati ya wiki moja ya nyumba haikupi viza. Ukinyimwa viza, ada inaendelea kuja, na nauli ya familia ya watu watano hadi Florida inaweza kuizidi bei ya wiki yenyewe mara kadhaa. Kwa anayeishi Afrika Mashariki, kupanga ndiyo njia pekee inayoeleweka.

Kutoka

Anza na rizoti. Kampuni kadhaa kubwa zina utaratibu wa kurudisha hati, hasa kwa aliyemaliza mkopo na asiyedaiwa ada. Piga simu, omba idara inayoshughulikia kurejesha umiliki, na uwe mvumilivu. Mara ya kwanza watajaribu kukuuzia pointi zaidi. Ikishindikana, ipe bure kwa mtu anayeitaka kweli, ukilipa wewe gharama za kuhamisha. Kuacha tu kulipa kuna matokeo: wakusanya madeni, kunadiwa kwa hati, na doa kwenye rekodi yako ya mkopo.

Usimlipe mtu anayedai fedha mapema ili akutoe au akuuzie. Mwaka 2021 kampuni ya Timeshare Exit Team ilimaliza kesi na mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington kwa kukubali kulipa dola milioni 2.61. Upande wa Mexico mambo ni mazito zaidi. FBI ilisema kwamba kati ya 2019 na 2023 Wamarekani wapatao 6,000 waliripoti kupoteza jumla ya takribani dola milioni 300 kwa matapeli wa taimushea za huko, na serikali ya Marekani imelihusisha genge la Jalisco na ulaghai huo. Mbinu yao ni moja: mnunuzi tajiri amepatikana, anakupa bei nzuri, tuma kwanza kodi na ada za kuhamisha. Bei ikizidi ile inayoonekana kwenye matangazo ya wengine, hakuna mnunuzi.

Kwa wazazi: zungumzeni na watoto. Mrithi nchini Marekani anaweza kuikataa wiki kwa maandishi, kwa kawaida ndani ya miezi tisa tangu kifo, ilimradi hajaitumia wala kujifaidi nayo. Kulipa ada ya kwanza kwa heshima ya marehemu kunaweza kumpotezea nafasi hiyo.

Nani achukue ipi

Anayekwenda likizo mwaka mmoja na kuukosa mwingine, apange. Anayeishi nje ya Marekani, apange. Anayevutiwa na rizoti fulani, apange mara mbili au tatu katika rizoti hiyohiyo kabla ya kufikiria hati. Aliyekwisha kufanya hivyo, anayefika kila mwaka kwa gari, asiye na deni la kadi, na aliyeiona ada ya miaka mitano nyuma akaikubali, anunue mtumba mahali anapotaka kulala yeye mwenyewe. Kubadilishana kuwe nyongeza. Anayetaka Disney anunue mtumba wa rizoti anayoipenda, akijua unaisha mwaka gani.

Na aliyesaini Florida karibuni asome tarehe iliyo juu ya sahihi yake, ahesabu siku 10, na kama bado zipo, aende posta kesho asubuhi.